Wanahisa waulize habari za seva

Katika mikutano mikuu ya wanahisa maswali huwa yale yale: gawio ni kiasi gani, na bei ya hisa itapanda lini? Ikitajwa mitambo ya kompyuta, wengi huona hayo ni ya mafundi na hutoka nje kunywa chai. Safu hii inaona hilo ni kosa. Kampuni inapofunga seva mpya, daftari, ghala na kaunta yake vyote vinahamia mahali pamoja. Pakiharibika hapo, halipi fundi, analipa mwenye hisa.

Tuanze na mipango. Mwezi Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake wapatao milioni 5 kutoka mitambo ya Lloyds, mmiliki wake wa zamani, kwenda mfumo mpya. Kazi ilifanywa mwisho wa juma mmoja. Kumbukumbu za wateja zilihama salama, ila mfumo uliozipokea ulielemewa. Wateja wapatao milioni 1.9 walishindwa kufikia akaunti zao, na hali haikurudi kuwa ya kawaida mpaka Desemba.

Uchunguzi wa mawakili uliochapishwa mwaka 2019 ulibaini jambo la kushangaza. Vituo vya seva vilikuwa viwili, lakini jaribio la kupima kama mfumo utahimili wingi wa wateja lilifanywa katika kituo kimoja tu. Mkasa huo uligharimu zaidi ya pauni milioni 330. Mwaka 2018 benki iliandika hasara ya pauni milioni 105 kabla ya kodi, mtendaji mkuu akaondoka, na Desemba 2022 ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65.

Mipango mizuri peke yake, hata hivyo, haitoshi bila ulinzi. Juni 27, 2017, Maersk, iliyokuwa kampuni kubwa kuliko zote duniani kwa kusafirisha makontena, ilishambuliwa na kirusi kiitwacho NotPetya. Kirusi hicho kilipenya kupitia programu ya mahesabu itumikayo Ukraine. Microsoft ilikuwa imetoa rekebisho tangu Machi mwaka huo, lakini kirusi kiliweza pia kuiba maneno ya siri ya wasimamizi yaliyobaki ndani ya kompyuta. Hivyo kompyuta moja isiyorekebishwa ilitosha kuziangusha hata zile zilizorekebishwa. Kampuni ililazimika kufunga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, na ikakadiria hasara kuwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Wakuu wa Maersk hawakuwa wamesahau nakala. Seva zenye orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilikuwa karibu 150, kila moja ikibeba nakala ya nyingine. Kasoro ni kwamba zote zilikuwa katika mtandao mmoja, na zote zilifutwa kwa mkupuo. Ilinusurika moja tu, iliyokuwa Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko na seva hiyo ikawa nje ya mtandao. Kampuni kubwa namna hiyo iliokolewa na kukatika kwa umeme!

Wakurugenzi watajibu kwamba seva ya akiba ni fedha iliyolala, na kwamba kuahirisha ufunguzi kunatia hasara. Ni kweli, lakini hata bima ya ghala ni fedha iliyolala mpaka siku ya moto. Mfanyabiashara anayelipa bima ya mzigo kila mwezi hana sababu ya kulishangaa hilo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kampuni yako ikitangaza mfumo mpya, simama uulize maswali matatu. Kwanza, je, mfumo umejaribiwa kwa kazi ya siku yenye wateja wengi kuliko zote, katika vituo vyote, na nani mwenye mamlaka ya kusema tusubiri? Pili, iko wapi nakala isiyounganishwa na mtandao wowote, na ni lini mara ya mwisho ilirejeshwa kwa majaribio? Tatu, ni watu wangapi wenye neno la siri la usimamizi, na je, seva zimetenganishwa na kompyuta za kawaida za ofisini?

Majibu hayahitaji utaalamu kuyaelewa. Mwenyekiti anayejua kazi yake atayatoa kwa dakika tano. Akibabaika, au akikutuma kwa fundi, usikimbilie kuongeza hisa. Akiba haiozi, lakini iliyowekwa chini ya paa moja na mali yenyewe huungua pamoja nayo.