Kitufe na Jasho

Wako watu wa elimu wanaoshikilia kwamba malalamiko ya mnunuzi juu ya chombo kidogo cha muziki si jambo la kuingizwa katika mjadala wa watu wazima. Kwao, mtu aendaye mbio alfajiri huku muziki ukimlia masikioni ni mtu wa anasa, na chombo chake kikimharibikia, dawa yake ni kununua kingine au kukimbia kimya kimya kama walivyokimbia babu zake. Hoja hiyo ni nyepesi kuliko chombo chenyewe, na chombo chenyewe kilikuwa na uzito wa gramu 12 na nusu tu.

Chombo kinachozungumzwa hapa ni iPod shuffle, kilichotolewa na kampuni ya Apple ya Marekani tarehe 11 Januari 2005, na kuondolewa katika biashara na kampuni hiyo hiyo tarehe 27 Julai 2017. Katika umri huo wa miaka 12 kilibadilishwa umbo mara 3. Badiliko moja kati ya hayo, la mwaka 2009, linatosha kufunua ugonjwa ambao haukufa siku chombo kilipokufa, nao ni ugonjwa wa mtengenezaji kujidhania kwamba anayajua matumizi ya kitu kuliko mtu anayekitumia.

Dharau ya anasa ijibiwe kwanza. Babu wanaosingiziwa ukimya hawakufanya kazi kimya. Watwangaji wa kinu kimoja hupokezana mchi kwa wimbo, na wimbo ukikatika michi hugongana. Wavuta jahazi ufuoni hawakuanza kuvuta mpaka mmoja aanzishe na wengine waitikie. Hata neno harambee, kabla halijavikwa kilemba cha siasa, lilikuwa wito wa watu walioshika mzigo mzito pamoja. Mwili hupenda kuongozwa na pigo, na jambo hili halikungoja maabara ili liwe kweli, ingawa maabara nazo zimelishuhudia. Mwaka 1911 Mmarekani Leonard Ayres alieleza aliyoyaona katika mashindano ya baiskeli ya siku 6 mjini New York: bendi ilipopiga, waendeshaji walikwenda kwa wastani wa maili 19.6 kwa saa. Bendi iliponyamaza, walikwenda maili 17.9. Mwezi Februari 1998 Haile Gebrselassie wa Ethiopia alivunja rekodi ya mita 2000 za ukumbini mjini Birmingham huku wimbo aliouchagua, Scatman, ukipigwa uwanjani, naye akizilinganisha hatua zake na mwendo wake. Asiyeona haya kwa Gebrselassie kupigiwa wimbo uwanjani hana haki ya kumwonea haya karani anayejipigia wimbo wake barabarani.

Taabu ilikuwa namna ya kuubeba muziki huo. Walkman ya Sony, iliyotoka Japani mwaka 1979, ilimpa mtu mmoja bendi yake peke yake, lakini ilikuwa na uzito wa takriban gramu 400 na kanda yake ilizunguka kwa injini. Vyombo vya sahani za CD vilivyofuata viliruka wimbo kila mguu ulipopiga chini. Shuffle haikuwa na kitu kinachozunguka. Nyimbo zilikaa katika kumbukumbu ya umeme, na mkimbiaji angaliweza kuruka ukuta bila sauti kutetereka.

Ile ya mwaka 2005 ilikuwa kijiti cheupe cha gramu 22, kikauzwa dola 99 kwa nafasi ya megabaiti 512, na dola 149 kwa gigabaiti 1. Hakikuwa na kioo. Mwenyewe hakuweza kusoma jina la wimbo wala kuuchagua kwa macho, na watangazaji wa kampuni wakaugeuza upungufu huo kuwa falsafa: wakatangaza kwamba maisha hayana mpango, basi nyimbo nazo zije zitakavyo. Huo ulikuwa werevu wa mwenye duka asiye na chenji amwambiaye mteja kwamba deni hujenga urafiki. Wenye vyombo walikuwa na akili zaidi ya tangazo. Mfanya mazoezi aliyejua analolitaka aliisukuma swichi upande wa pili ili nyimbo zifuate utaratibu alioupanga mwenyewe, za taratibu wakati wa kupasha mwili moto, za kasi katikati, na za kupoza mwishoni. Kwani hakuna balaa kubwa kwa mtu aliye katika maili ya tatu kama kuangukiwa ghafula na wimbo wa kubembelezea mtoto.

Hata hivyo, katika upungufu ule wa kioo wenye vyombo waligundua fadhila ambayo tangazo halikuitaja. Jicho la mkimbiaji ni la barabara. Mkono wa mnyanyua vyuma umeshika vyuma. Chombo kisichotaka kutazamwa ndicho pekee kinachomfaa mtu asiye na jicho la kukitazamia. Mwaka 2006 kikaja cha pili, cha alumini, kilichopungua hata kuwa kibanio chenye kitufe cha duara mbele yake. Kilibanwa ukosini, kwenye mkono wa fulana au kwenye ukingo wa kofia. Kitufe cha kati kilisimamisha na kuanzisha. Kandokando yake palikuwa pa kuongeza sauti, kupunguza, kwenda mbele na kurudi nyuma. Kidole kilikijua baada ya siku moja, hata juu ya nguo, hata gizani, hata kikiwa kimelowa.

Tarehe 11 Machi 2009 kikatangazwa cha tatu, na hapa ndipo lilipo kosa. Vitufe vyote viliondolewa mwilini mwa chombo vikahamishiwa kwenye waya wa kipokea sauti cha sikio la kulia. Chombo kikabaki kipande laini cha gramu 10.7, kizuri kutazamwa, chenye swichi moja tu. Kazi zilizokuwa zimegawanywa mahali patano sasa zilirundikwa. Kubonyeza mara 1 kulisimamisha wimbo au kuuanzisha. Mara 2 kulileta wimbo unaofuata. Mara 3 kulirudisha uliopita. Kubonyeza na kushikilia kulifanya sauti itaje jina la wimbo, na kushikilia zaidi kulifanya sauti hiyo isome orodha za nyimbo. Kubonyeza mara 3 ni rahisi kwa mtu aliyekaa kitini. Mtu apandaye kilima, pumzi zikimwishia, waya ukimchezea shavuni, hatafuti hesabu. Atafuta mahali pa kuweka kidole.

Sauti hiyo iliyosifiwa ina neno lake katika kurasa za lugha. Ilizungumza kwa lugha 14 siku ile ilipotolewa, Kigiriki, Kicheki na Kiswidi zikiwamo. Kiswahili hakikuwamo. Wasomaji wengine watasema hilo ni jambo la soko, na kwamba wanunuzi wa Kiswahili walikuwa wachache. Na iwe hivyo. Ila izingatiwe ni kitu gani kilichobadilishwa na nini. Kitufe hakina lugha. Kidole cha Mmakonde na kidole cha Mswidi hukisoma sawasawa. Mtengenezaji alikiondoa kitu kilichowafahamu watu wote, akaweka msemaji aliyewafahamu baadhi, kisha akaliita jambo hilo maendeleo. Mwenye nyimbo za taarabu katika chombo kile alitamkiwa majina yake kwa ulimi wa kigeni, na hapana awezaye kumlaumu akicheka au akikasirika.

Kisha likaja jasho. Mwenye kufanya mazoezi hutoka jasho, na jasho huteremka kutoka kichwani, hupita nyuma ya sikio, hufuata chochote kinachoning'inia hapo. Vitufe vilikuwa vimewekwa katika njia yenyewe ya maji ya chumvi. Wenye vyombo wakaanza kusimulia mambo yanayofanana: sauti hupanda yenyewe mpaka iumize, au hushuka mpaka isisikike, wimbo husimama, huruka, au chombo huacha kabisa kutii. Wengine walibadilishiwa vipokea sauti, na baada ya muda hadithi ikarudi pale pale. Wala hawakuweza kutumia vyovyote walivyokuwa navyo nyumbani, maana vipokea sauti vya kawaida vilitoa muziki lakini havikuwa na vitufe, na bila vitufe chombo hakikuongozeka. Ilimpasa mtu anunue vyenye vitufe vinavyokubaliwa na chombo hicho, au kiungo maalumu. Hivyo kitu kilichoitwa rafiki wa wafanya mazoezi kilishindwa na kitu cha kwanza ambacho mazoezi hutoa.

Watetezi wa chombo cha 2009 wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba nafasi iliongezeka hata kufika gigabaiti 4, na umbo likapungua. Yote mawili ni kweli. Lakini nyimbo elfu moja zisizoweza kuongozwa ni mzigo, na hakuna mkimbiaji aliyepata kuanguka njiani kwa kulemewa na gramu 5 zilizopunguzwa. Hoja ya pili ni nzito kidogo: kwamba mtengenezaji hana budi kujaribu mambo mapya, na kwamba anayekataza kujaribu anakataza ufundi wenyewe. Hapana anayekataza. Linalokataliwa ni kufanya jaribio kwa fedha ya mnunuzi bila kumwambia kwamba yumo katika jaribio, na kisha kuyaita maneno yake kelele. Mtu mmoja aliyekimbia na chombo asubuhi 30 anajua juu yake jambo ambalo meza ya mchoraji haiwezi kulijua. Ushahidi wake umepatikana kwa mwili. Chuo kinachokubali ushahidi wa mvuvi juu ya mkondo wa bahari kinaukataa kwa sababu gani ushahidi wa mkimbiaji juu ya waya?

Kampuni yenyewe ilitoa hukumu. Tarehe 1 Septemba 2010 mkuu wake, Steve Jobs, alisimama jukwaani akakubali kwamba watu walivikosa vitufe, na chombo cha nne kikatoka na duara lake mbele na kibanio chake nyuma, kwa bei ya dola 49. Kwa takriban miaka 7 iliyofuata halikubadilishwa jambo la maana ila rangi. Jambo hili halitajwi kama wema. Vitufe vilirudi katika chombo kipya cha kununuliwa upya. Havikurudi katika kile ambacho mnunuzi wa mwaka 2009 alikuwa nacho tayari mkononi.

Wala chombo cha nne hakikosi lawama, na anayekisifu bila kuzitaja lawama hizo amejipa kazi ya mtangazaji. Tundu la vipokea sauti ndilo lililokuwa tundu la kuchajia, kwa waya mfupi wa namna yake; aliyeupoteza waya huo alikuwa na kipande cha alumini. Nyimbo ziliingizwa kwa programu moja, kutoka hazina ya kompyuta moja. Aliyehamia kompyuta nyingine aliambiwa kwamba vya zamani vitafutwa kwanza. Betri ilifungiwa ndani. Betri za namna hiyo hupungua nguvu kila zinapotumika na kuchajiwa, na ikiisha kabisa, mwenye chombo kizima chenye vitufe vizima hana mlango wa kuifikia.

Sasa huambiwa watu kwamba maneno haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa simu hufanya yote. Simu hufanya yote, na hiyo ndiyo ila yake mbele ya mkimbiaji. Simu nyingi za leo huzidi gramu 150. Hufungwa mkononi kama hirizi kubwa, au hupigapiga pajani. Kioo chake hakitii kidole kilicholowa. Katikati ya pumzi huleta salamu za mjomba, deni la mkopeshaji, na habari za vita. Nyimbo zake aghalabu hazimilikiwi na mwenye simu. Hukodishwa kwa ada ya kila mwezi, na ada ikikoma bendi hukusanya ngoma zake ikaenda. Aliyekuwa na chombo kidogo chenye nyimbo zake mwenyewe hakumlipa mtu ili pigo liendelee, wala hakuna aliyezihesabu hatua zake akazipeleka kwa mwingine.

Wenye vyombo hivyo hawakusema haya kama wanafalsafa. Walisema kwamba kitufe kimekufa, kwamba waya umelowa, kwamba wanataka cha zamani. Tangu mwaka 2017 wanaokitaka hukinunua kilichokwisha tumiwa, kutoka kwa watu binafsi, pasipo kujua betri imebakiwa na saa ngapi. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya betri ya mwaka 2023, umeamuru kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vyombo vya kubebeka, isipokuwa vichache vilivyotajwa, ziwe za kuweza kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Amri hiyo itavikuta vyombo vya gramu 12 na nusu vimekwisha fungwa miaka 10 kabla yake.