Kabla useme 'ni kweli' kortini, tafuta wakili

Kuna maneno mawili ambayo kijana huyatamka kortini kwa sekunde moja, kisha yanamfuata hadi siku ya kuomba kazi: "Ni kweli."

Unajua vile huenda. Umebebwa Ijumaa usiku kwenye msako. Katiba inataka ufikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiisha wikendi, unangoja siku ya korti inayofuata. Kwa hivyo umelala seli hadi Jumatatu, hujaoga, simu iko kaunta, mama hajui uliko. Asubuhi mnapangwa kizimbani Makadara au Kibera, shtaka linasomwa haraka haraka, unaulizwa: ni kweli ama si kweli? Na usiku kucha wenzako wa seli wamekuwa wakikwambia: "Buda, kubali tu. Hakimu atakupiga kafaini uende nyumbani. Ukikataa utalala rumande."

Ushauri huo unaingia akilini kwa sababu umechoka. Lakini hebu angalia unacholipia na hiyo faini. Ukishakiri mbele ya hakimu na kupatikana na hatia, Kifungu cha 348 cha Sheria ya Taratibu za Kesi za Jinai kinakubana kwenye rufaa. Unaweza kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu, lakini si hatia yenyewe. Halafu kuna rekodi. Mwajiri akiitisha cheti cha maadili mema, ama ajenti wa kazi za Ghuba akikitaka kabla ya kushughulikia safari yako, unarudi kwa DCI kuwekwa alama za vidole. Faini uliyolipa ukiwa na miaka 21 inaweza kukungoja pale ukiwa na 27.

Msimamo wangu ni huu. Wakili anatafutwa kabla ya kujibu shtaka, si baada ya kesi kuharibika. Na serikali, ambayo huleta kiongozi wa mashtaka aliyesomea kazi hiyo, ina deni la kuhakikisha kijana asiye na pesa hasimami kizimbani peke yake.

Sisemi kila aliyeshikwa ameonewa. Kuna waliofanya makosa kweli, na wakati mwingine kukiri ndiyo njia nzuri zaidi. Tangu 2008 sheria yetu inaruhusu mshtakiwa na upande wa mashtaka kukubaliana, kwa mfano ukiri kosa dogo na lile kubwa liondolewe. Lakini makubaliano kama hayo yanataka mtu anayejua uzito wa ushahidi ulioko. Kukiri ukiwa umeshauriwa ni tofauti kabisa na kukiri kwa sababu unataka kuoga.

Na wengi wetu hudhani kazi ya wakili ni kupiga domo siku ya kesi kusikilizwa, kama kwenye sinema. Manze, kazi kubwa hufanyika mapema. Kwenye kituo cha polisi, Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuambiwa kwa lugha unayoelewa sababu ya kukamatwa, haki ya kunyamaza na haki ya kuwasiliana na wakili. Karao akikuharakisha uandikishe taarifa, una ruhusa ya kusema kwa heshima kwamba utaongea wakili wako akiwepo. Kukiri kosa kwa afisa yule yule anayechunguza kesi yako hakukubaliki kama ushahidi, lakini ni wangapi wanajua hivyo saa nane za usiku?

Kortini, wakili anaisoma karatasi ya mashtaka na kuangalia kama kosa lililoandikwa linafanana na kilichotendeka. Anapigania dhamana. Katiba inasema uachiliwe kwa masharti yanayofaa isipokuwa kuwe na sababu nzito za kukuzuia, na kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita halifai kukuweka rumande. Hakimu akitaja kiwango ambacho familia yako haiwezi hata ikiuza kila kitu nyumbani, wakili anaweza kuomba kipunguzwe, na ikibidi apeleke ombi hilo Mahakama Kuu. Kisha anadai ushahidi wa upande wa mashtaka mapema, maana Kifungu cha 50 kinakupa haki ya kuuona kabla ya kesi kusikilizwa. Bila hiyo, utakuwa unawauliza mashahidi maswali kwa kubahatisha.

Sasa, wakili yupi? Hapa ndipo watu huliwa. Nje ya vituo vya polisi na korti kuna jamaa waliovaa suti wanaojua jina lako kabla hujawaambia. Mama amefika akilia, jamaa anamwambia, "Nipe kitu kidogo nikuongeleshe hakimu." Huyo ni broka. Wakili wa ukweli hawezi kukuahidi ushindi, na anayekuuzia ujamaa wake na hakimu anakuuzia kesi ya pili juu ya ile uliyo nayo.

Mnakumbuka Oktoba 2023, nchi nzima ilipokuwa ikiongea kuhusu jamaa aliyedaiwa kujifanya wakili na kushinda kesi kibao. Mitandaoni tulicheka na wengine wakamshangilia. Lakini jiulize kama ungecheka mtu kama huyo angekuwa ameshika faili yako. Kuwa na digrii ya sheria si kuwa wakili. Lazima mtu apitie mafunzo ya uwakili, aapishwe, jina lake liingie kwenye orodha ya mawakili, na kila mwaka achukue cheti cha kufanya kazi. Kwa hivyo rafiki yako anayesomea sheria anaweza kukueleza mambo, lakini hawezi kukuwakilisha. Chama cha Mawakili nchini, LSK, kina huduma mtandaoni ambapo unaweka jina la mtu na kuona kama cheti chake cha mwaka huu kipo. Ni dakika mbili tu, ambazo mtu wa familia anaweza kuzitumia akiwa bado kwa matatu kuelekea kituoni.

Ukimpata, usiogope kumuuliza maswali kwa sababu amevaa tai. Amefanya kesi za jinai ama kazi yake ni mashamba na talaka? Ni yeye atakuja kortini ama atatuma mwingine? Ada anayotaja ni ya siku ya kujibu shtaka na kuomba dhamana pekee, ama ni ya kesi mpaka mwisho? Kesi ikiahirishwa, utalipa tena? Hili la mwisho ni muhimu sana, kwa sababu kesi zetu huahirishwa, na familia nyingi huishiwa na pesa katikati. Mkubaliane kwa maandishi na udai risiti. Na mtenganishe ada ya wakili na pesa za dhamana. Dhamana ya pesa taslimu hulipwa kwa risiti rasmi na hurudishwa kesi ikiisha kama umetii masharti. Ikipita mfukoni mwa mtu bila karatasi, jua imeenda. Wakili akikuchezea, Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili iko kwa sababu hiyo.

Najua swali lililobaki: pesa zitatoka wapi? Kijana wa kibarua hana pesa za wakili, na hapo ndipo serikali inafaa kujibu. Katiba, Kifungu cha 50, inasema utapewa wakili kwa gharama ya serikali ikiwa bila yeye utaonewa pakubwa. Bunge likapitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria 2016, ikaunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Kwa kesi za mauaji, zinazosikilizwa Mahakama Kuu, mshtakiwa maskini hupangiwa wakili. Lakini wizi wa kimabavu, ambao kwenye vitabu adhabu yake ni kifo, husikilizwa na hakimu wa kawaida, na huko wakili wa serikali haji wenyewe. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilisema haki hiyo si ya kila mshtakiwa moja kwa moja. Korti inaangalia uzito wa kosa na adhabu, ugumu wa kesi, na hali ya mshtakiwa mwenyewe.

Kwa lugha ya mtaa, usipoomba, hupati. Kwa hivyo omba. Mwambie hakimu waziwazi kwamba huna uwezo na unahitaji wakili kabla ya kuendelea. Kama ulikuwa umesema "ni kweli" bila kuelewa, mwambie kabla hajatoa adhabu kwamba unataka kubadilisha jibu. Na familia ibishe milango ya wanaosaidia bure, kama Kituo cha Sheria, ambacho kimefanya kazi hiyo tangu miaka ya sabini.

Lakini haki ambayo lazima uijue ndipo uipate inawafaa wale ambao tayari wana mtu wa kuwaelezea. Ndiyo maana nataka afisa wa msaada wa kisheria awe kwenye kila korti ya hakimu asubuhi, kabla mashtaka hayajasomwa. Nataka kila kituo cha polisi kibandike nambari za msaada huo ukutani, kwa maandishi makubwa, pale pale kwenye kaunta. Ukuta upo na gundi si ghali.

Na sisi pia tuna kazi. Juni 2024, vijana walipokamatwa kwenye maandamano ya Mswada wa Fedha, nambari za mawakili zilisambaa kwa simu zetu na mawakili wa LSK wakajitolea kuzunguka vituo. Tulijua basi kwamba mtu akibebwa, swali la kwanza ni yuko kituo gani na la pili ni wakili ni nani. Mbona tulisahau msako wa Ijumaa uliporudi kuwa wa kawaida? Mbogi inayochanga kila mwezi kwa ajili ya mazishi na harusi inaweza kutenga kidogo kwa ajili ya wakili, na kumtafuta huyo wakili mapema, akili ikiwa imetulia.

Leo jioni fanya jambo moja. Tafuta wakili mmoja aliye na cheti, kisha ukariri nambari yake na ya mtu mmoja wa nyumbani. Usiziweke kwa simu peke yake, maana ukifika kituoni, simu ndiyo wanayochukua kwanza.