HESABU YA MKEKA IFUNDISHWE SHULENI

KILA Jumamosi, kabla mpira haujaanza kuchezwa huko Uingereza na Hispania, vijana wengi wa miji yetu huwa wamekwisha kuandika mkeka. Huketi vijiweni, simu mkononi, wakabishana ni timu ipi itashinda na ipi itafungwa, kisha kila mmoja akatoa shilingi elfu moja yake, akitumaini kuamka Jumapili akiwa na laki kadhaa. Jumapili mikeka karibu yote huwa imechanika. Jumamosi inayofuata elfu nyingine hutolewa.

Mengi yamesemwa juu ya jambo hili. Viongozi wa dini wamekemea na wazazi wamelalamika. Serikali nayo imeweka sheria: hapa Tanzania ipo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, ipo Bodi ya kuisimamia michezo hiyo, na mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 haruhusiwi kucheza. Hatuna nia ya kuyapinga mawaidha ya mtu yeyote. Lakini twaona liko jambo moja lisilofanywa vya kutosha, nalo ni kumkalisha kijana chini na kumwonyesha hesabu yenyewe.

Tuchukue mfano mwepesi. Tuseme mchezo una pande mbili zilizo sawa kabisa, kama sarafu inayorushwa juu. Malipo ya haki kwa aliyetoa shilingi 1,000 ni kupewa 2,000 akishinda. Kampuni hailipi hivyo. Italipa, kwa mfano, 1,900. Mtu akicheza mara 100 atakuwa ametoa 100,000, na kwa wastani atashinda mara 50 na kupata 95,000. Zile 5,000 zilizopungua ndizo ujira wa kampuni. Mchezaji akiambiwa kwamba hukatwa shilingi tano katika kila mia, huenda asione ubaya wowote.

Sasa tuiweke michezo kumi ya namna hiyo katika mkeka mmoja. Zile 1.9 kumi zikizidishwa pamoja huleta 613 na ushei. Kijana aliyetoa elfu moja huahidiwa shilingi 613,000, na moyo humwenda mbio. Asichoambiwa ni kwamba kuna njia 1,024 za kuijaza mikeka hiyo, na iliyo sahihi ni moja tu. Wakitokea vijana 1,024, kila mmoja na mkeka usiofanana na wa mwenzake, zitakusanywa shilingi 1,024,000. Mshindi mmoja atachukua 613,000 zake, na karibu 411,000 zitabaki kwa kampuni. Ile tano katika mia imekuwa arobaini katika mia, wala hakuna aliyevunja sheria wala kumdanganya mtu. Ni kuzidisha tu. Picha ya yule mshindi itatangazwa kila mahali. Wale 1,023 waliobaki hawatapigwa picha.

Liko na kosa la pili. Mtu aliyekosa mara tisa hujiambia kwamba ya kumi lazima iwe yake. Katika jumba la kamari la Monte Carlo, mwezi Agosti mwaka 1913, mpira wa gurudumu la ruleti uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Wachezaji walizidi kumwaga fedha kwenye nyekundu wakiamini kwamba zamu yake imefika, wakapoteza mali nyingi. Gurudumu halina kumbukumbu. Kila lilipozungushwa, uwezekano ulikuwa ule ule wa mara ya kwanza.

Wapo watakaosema kwamba kumfundisha kijana hesabu ya kamari ni kumfundisha kamari. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Huko Marekani, mwaka 1962, mtaalamu wa hisabati Edward Thorp alitoa kitabu kilichoonyesha namna ya kulishinda jumba la kamari katika mchezo wa karata uitwao blackjack. Katika poka pia, ambako wachezaji hushindana wao kwa wao, ajuaye hesabu humtangulia asiyejua. Lakini mkeka haufanani na karata hizo. Bei yake imekwisha kupangwa na kampuni, yenye wataalamu wake wa hesabu, kabla mchezaji hajafungua simu. Ni shida kijana wa kijiweni kuwashinda hao. Faida atakayoipata kwa hesabu ni kuijua bei ya kile anachokinunua.

Wala mwalimu asione haya kuileta kamari darasani. Elimu hii ya uwezekano ilipata msingi wake katika barua walizoandikiana Wafaransa Pascal na Fermat mwaka 1654, juu ya namna ya kugawana fedha za mchezo uliokatizwa kabla ya kwisha. Leo biashara ya bima yasimama juu ya elimu hiyo. Katika shule zetu za sekondari mada hiyo imo, lakini mara nyingi hufundishwa kwa dadu na mipira ya rangi iliyotiwa mfukoni. Mwanafunzi hulijibu vyema swali la mipira, kisha akatoka nje na kuipoteza nauli yake kwa hesabu ile ile aliyoipata darasani.

Twapendekeza basi mambo mawili. Kwanza, walimu wa hisabati wautumie mkeka kuwa mfano, na mwanafunzi aikokotoe mwenyewe ile arobaini katika mia. Pili, Bodi izitake kampuni kuandika, kando ya fedha zinazoahidiwa, ni shilingi ngapi katika kila mia hubaki kwao.

Hatusemi kwamba hesabu itampa kazi kijana asiye na kazi, wala kwamba itamponya aliyekwisha kunaswa. Huyo anahitaji msaada mwingine. Lakini yule anayekaribia kuitoa elfu yake ya kwanza ana haki ya kujua inakokwenda. Wazee walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kampuni zina daftari lao. Vijana wetu nao wapewe la kwao.