Mtoto mkimbizi hahitaji kuhurumiwa darasani, anahitaji nafasi kwenye benchi

Saa moja na nusu ya asubuhi kengele inalia. Wanafunzi wa shule ya msingi wanapanga mistari kiwanjani, wote katika mavazi ya bluu na nyeupe. Mwishoni mwa mstari wa mwaka wa tano amesimama mtoto mwenye shati ya rangi nyingine. Amefika wiki hii. Mwalimu anamwuliza mbele ya wote ametoka wapi, naye anajibu kwa sauti ndogo: Bukavu. Wakati wa rekreasyo anasema "bugali" pale ambapo wenzake wanasema "bukari", na kicheko kinaanza. Kufikia saa sita ana jina jipya: deplase.

Jambo kama hili hutokea katika komini Lubumbashi na katika komini jirani, na watu wazima hawalitii maanani. Watoto ni watoto, wanasema, watazoeana tu. Wengi kweli wanazoeana. Lakini wako wasiozoea. Mmoja anaanza kuumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi. Mwingine anamwambia mama yake kwamba mwalimu hakufika, kumbe yeye mwenyewe alikaa barabarani mpaka saa ya kurudi. Mwezi ukiisha, nafasi yake darasani ni tupu, na hakuna mwanafunzi aliyemfukuza kwa mkono. Walimfukuza kwa mdomo.

Familia hizi hazikuja Lubumbashi kutembea. Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari mwaka uleule. Wakaaji wengi wa Kivu ya Kusini walikimbilia Uvira, na kutoka kule wengine walipanda boti kwenye ziwa Tanganyika mpaka Kalemie, kabla ya kutafuta njia ya kwenda mbele zaidi. Na si wao wa kwanza. Kabla yao kulikuwa na watu wa Pweto, Mitwaba na Manono, eneo lililoitwa "pembetatu ya kifo" kwa sababu ya wanamgambo waliochoma vijiji na kuwatawanya watu. Mzazi wa namna hii akifika mjini anatafuta mahali pa kulala, halafu chakula, halafu masomo ya watoto.

Kwa masomo, sheria iko upande wake. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za serikali. Tangu Septemba 2019 serikali ilianza kuitekeleza. Lakini bure hiyo haifiki kwenye kaye, biki, viatu wala mavazi ya shule. Tena haifiki kwenye midomo ya wanafunzi. Hapo hakuna sheria inayoweza kufanya kazi peke yake. Hapo kazi ni ya mwalimu, ya wazazi, na ya watoto wenyewe.

Watoto wanaomcheka mwenzao kwa sababu ya Kiswahili chake wangefaa kwanza kuambiwa Kiswahili chao kilitoka wapi. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, ukiitwa Élisabethville, kwa ajili ya shaba. Kampuni ya Union Minière ilihitaji mikono ya kazi, na mikono hiyo haikutosha hapa. Ilitafutwa Kaskazini mwa Rhodesia, ambayo leo ni Zambia, ikatafutwa Kasai, na katika miaka ya 1920 ikatafutwa mpaka Ruanda na Urundi. Katika makambi ya wafanyakazi, mtu wa Kibemba aliishi mlango kwa mlango na mtu wa Kiluba, na wote wawili walihitaji namna ya kuelewana. Kiswahili kiliwapa njia. Ndani yake wakaingiza maneno ya Kibemba, ya Kiluba na ya Kifaransa, mpaka kikawa hiki kinachosikika leo sokoni, kwenye teksi na kiwanjani mwa shule.

Kwa hiyo mtoto wa Lubumbashi anayemcheka mtoto wa Bukavu anatumia lugha iliyojengwa na wageni ili kumcheka mgeni. Babu wa babu yake naye alifika siku moja na kifurushi kichwani, akasema neno vibaya, na pengine akachekwa. Kama wenyeji wa wakati ule wangemnyima nafasi, anayecheka leo asingezaliwa hapa.

Kuna sababu nyingine ya kutochukua jina la utani kama mchezo tu. Wazee wa Katanga wanakumbuka mwaka 1992. Mwezi wa Agosti, Kongamano la Taifa lilimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu, na hapa Katanga hasira ya kisiasa ikaelekezwa kwa watu wenye asili ya Kasai. Chama cha UFERI na gavana wa wakati ule, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, walihubiri kwamba Katanga ni ya Wakatanga. Watu waliozaliwa hapa, waliosoma hapa na kufanya kazi Gécamines maisha yao yote, wakaitwa "bilulu", yaani wadudu. Mamia ya maelfu walifukuzwa, zaidi katika miji ya Likasi na Kolwezi. Wengi walilala wiki na miezi kwenye stesheni za reli wakingoja treni ya kuwapeleka katika jimbo ambalo watoto wao hawakuwahi kuliona. Wengi walifia njiani.

Mambo hayo hayakuanza na moto. Yalianza na jina. Kwanza jirani akapewa jina la mdudu, halafu jina likazoeleka, halafu ikawa rahisi kumfanyia kile ambacho mtu hamfanyii jirani. Ndiyo maana neno "deplase", likisemwa darasani kama jina la mtoto, halifai kuachwa lipite. Hakuna anayesema kwamba watoto wa mwaka wa tano wanapanga vita. Kinachosemwa ni kwamba mtoto anayezoea kumwita mwenzake kwa msiba wake anajifunza somo baya, na somo hilo halifutiki kwa ifutio.

Sasa, wema ni nini katika mambo haya? Wengi wakisikia neno wema wanafikiri zawadi. Watu wanakusanya nguo na kaye, wanakwenda shuleni, mtoto anaitwa mbele, anakabidhiwa, simu zinapiga picha, wote wanapiga makofi. Aliyetoa anarudi nyumbani na furaha. Aliyepokea anarudi kwenye benchi akiwa amethibitishwa mbele ya darasa lote kwamba yeye ndiye maskini. Kesho yake kuna mwenzake atakayemwambia: "Hiyo shati ulipewa." Zawadi ni nzuri, namna ya kuitoa ndiyo iliyomwumiza.

Wazee walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo huo unajua kuficha mkono. Mzazi mwenye kaye mbili za ziada anaweza kumpa mwalimu, naye mwalimu akazigawa bila kutaja nani ametoa wala kwa nani. Mama anayekaanga vitumbua anaweza kumwekea mtoto wake viwili badala ya kimoja na kumwambia: "Ule na rafiki yako." Mwanafunzi mwenye biki mbili anaweza kuazima moja na kusahau kuidai. Mambo haya hayana picha, na kwa sababu hayana picha yanamwacha mtoto na heshima yake.

Lakini hata kutoa kwa siri hakutoshi, kwa sababu anayepokea tu kila siku anabaki mgeni. Methali inasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huitumia kumtania mgeni anayekawia, lakini ndani yake kuna heshima kubwa. Kumpa mtu jembe ni kumwambia kwamba sasa yeye ni wa nyumbani, na kazi yake inahitajika. Mtoto aliyetoka Goma au Manono anahitaji jembe lake darasani. Aingizwe kwenye zamu ya kufagia kama wengine. Achaguliwe kwenye timu ya mpira, na akikosa goli alaumiwe kama wengine. Kama anajua hesabu vizuri, aombwe kumweleza jirani yake namna ya kugawanya sehemu. Siku mwenyeji atakapomwomba mkimbizi msaada wa hesabu, siku hiyo darasa litakuwa na wanafunzi tu, bila mgeni wala mwenyeji.

Kuna wazazi wa hapa watakaouliza: na watoto wetu? Swali hilo ni la haki na halipaswi kuzomewa. Tangu masomo ya msingi yawe ya bure, madarasa mengi yamejaa kupita kiasi. Kuna watoto wanne kwenye benchi iliyotengenezwa kwa wawili. Kuna baba wa hapa hapa Lubumbashi ambaye hana kazi na ambaye mtoto wake naye anavaa viatu vilivyotoboka. Anapoona misaada inaletwa kwa familia za wakimbizi peke yao, moyo unamwuma.

Jibu lina sehemu mbili. Ya kwanza, madarasa kujaa ni deni la serikali. Ni yenye wajibu wa kujenga madarasa, kuleta mabenchi na kuwalipa walimu. Mtoto aliyekimbia risasi hakulifanya deni hilo, na kumsukuma nje ya benchi hakulilipi. Ya pili, wanaoleta misaada shuleni wangefanya vema kuangalia mahitaji ya kila mtoto, awe mwenyeji au mkimbizi. Kaye zikigawiwa kwa wote wasio nazo, hakuna mtoto atakayejulikana kwa alama ya msaada, na hakuna mzazi atakayesema ameruka na kusahauliwa. Na yale makubwa yanayoombwa hapa, kusogea kidogo kwenye benchi na kutomcheka mtu kwa namna anavyosema, hayagharimu hata faranga moja.

Walimu ndio wenye ufunguo. Mwalimu asimwulize mtoto mpya mbele ya darasa habari za vita; kama kuna la kuuliza, amwite pembeni, au azungumze na mzazi. Amkalishe karibu na mwanafunzi mwenye moyo mzuri na amwombe huyo amwonyeshe choo, bomba la maji na njia ya kurudi nyumbani. Jina baya likisikika, alisimamishe siku ileile, kwa utulivu, bila kumfanya mtoto mgeni awe sababu ya wenzake kuadhibiwa.

Kwa upande wa madirekta, kuna jambo la buleteni. Watoto wengi waliokimbia vita hawana karatasi yoyote. Zilibaki katika nyumba iliyoachwa wazi. Kumrudisha mtoto nyuma miaka miwili kwa sababu ya karatasi ni kumwadhibu mara ya pili. Mtihani mfupi wa hesabu na wa Kifaransa unatosha kuonyesha yuko kiasi gani, na unaweza kufanyika asubuhi moja.

Wazazi wa hapa nao wajue kwamba darasa husikia kile kilichosemwa mezani. Mtoto hazaliwi na neno "hawa watu wanatujazia mji". Analichukua nyumbani jioni, wakati wa bukari, na kulipeleka shuleni asubuhi.

Na wazazi waliofika nao wana sehemu yao. Mama anayemwambia mtoto kila siku, "Usizoee hapa, wiki ijayo tunarudi," anamfungia mlango bila kukusudia. Pengine watarudi, na Mungu awajalie kurudi kwa amani. Lakini mtoto anaweza kuwa na rafiki Lubumbashi na bado akaipenda Bukavu. Aruhusiwe kucheza, kualika na kualikwa. Akifundishwa kusema "bukari" asikatae, na yeye awafundishe wenzake wanavyosema kwao.

Kwa watoto wenyewe hakuna hotuba ndefu inayohitajika. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki ya mtoto mpya inaanza kengele ya rekreasyo inapolia, wote wanapokimbia kiwanjani wawili wawili na yeye anabaki amesimama karibu na ukuta. Dakika hiyo ndiyo ngumu kuliko zote za siku. Inatosha mtoto mmoja, mmoja tu, aende pale ukutani na kusema: "Kuya, tunapungukiwa mtu mmoja."