Nani kakuambia injini inyamazishwe?

Jamani samahanini, nimekuwa kimya humu karibu wiki tatu. Sikuwa naumwa wala sikusafiri. Nilikuwa na hasira, na nilijiwekea sheria kwamba sitaandika nikiwa na hasira. Leo naivunja. Kaa mkao wa kula.

Baadhi yenu mnajua kwamba mwaka jana, nilipochoka kusubiri malipo ya magazeti yanayokuja yakijisikia, nilinunua pikipiki ya Kichina ya cc 125 nikampa kijana mmoja wa mtaani kwetu, Kimara. Makubaliano ni yale yale ya mji huu. Ananiletea hesabu ya Sh 8,000 kila siku, Jumapili ni yake. Mafuta yake, oili yake. Matengenezo makubwa tunagawana nusu kwa nusu. (Ndiyo, na mimi ni tajiri wa bodaboda. Chekeni tu.)

Siku moja dogo akanipigia simu. "Braza, injini inalia." Inaliaje? "Tiki tiki tiki, tena sana." Inatembea? Inatembea. Inavuta mlima? Inavuta. Basi mimi, msomi wenu, mtu ninayejidai kuwauliza wakubwa maswali magumu, nikatoa jibu ambalo linaniuma mpaka leo: "Ipeleke kwa fundi aiondoe hiyo kelele."

Aiondoe kelele! Sikusema atafute inatoka wapi. Sikusema aniambie ni ya nini. Nilitaka kimya, na kimya nilikipata, kwa Sh 5,000.

Dogo alinisimulia baadaye jinsi kazi ilivyofanyika. Injini ikiwa bado ya moto, fundi alifungua kifuniko cha juu ya hedi, akabana skrubu za tapeti kidogo, akafunga, akawasha, akasikiliza. Bado inalia. Akafungua tena, akabana tena. Mara ya tatu ikanyamaza kabisa. Watu kijiweni wakamsifu: huyu jamaa ana masikio! Dogo akanitumia ujumbe kwamba chombo kimetulia kama kimelala.

Wiki ya tatu chombo kikaanza kugoma kuwaka asubuhi. Dogo anapiga kiki mpaka jasho linamtoka. Kisha nguvu zikaanza kupungua, kipando alichokuwa anakipanda na gia ya tatu sasa anakipanda na ya kwanza. Halafu siku moja ikazima na abiria mgongoni, katikati ya kilima, saa moja usiku.

Fundi wa pili akasema cheni ya taimingi imekwisha. Sh 45,000 pamoja na ufundi. Dogo alikuwa ameshaanza kukopa kijiweni. Kilichomwokoa ni mzee mmoja fundi aliyekuwa amekaa pembeni anakunywa chai, akauliza, "Cheni gani tena? Injini hii ni ya fimbo." Wakanyamaza. Mnaelewa, wasomaji wangu? Mtu alikuwa anauziwa dawa ya kiungo ambacho mwili wake hauna!

Mzee akafungua hedi. Valvu ya eksozi ilikuwa imeungua ukingoni, imelika kama biskuti iliyong'atwa. Valvu mpya, kusaga kiti chake, gasketi, ufundi: Sh 90,000 na siku tano bila kazi. Na mimi nikatimiza makubaliano kama mwanasheria. Nusu yako Sh 45,000. Hesabu ya siku tano Sh 40,000, utalipa taratibu. Jumla Sh 85,000 juu ya kijana aliyefanya kile nilichomwagiza mimi.

Ngoja nieleze kilichotokea mle ndani, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Kati ya mkono unaosukuma valvu na kichwa cha valvu yenyewe kuna nafasi ndogo. Nafasi hiyo si kosa, imewekwa makusudi. Ikizidi, vyuma vinagongana na ndipo unasikia tiki tiki. Ikipungua mpaka ikaisha, husikii kitu, lakini valvu sasa haifungi sawasawa. Na valvu ya eksozi hupoa wakati imefunga, kwa sababu ndipo inapolala kwenye kiti chake na kukiachia joto. Usipoiacha ilale, joto linabaki kwake, moto unapenya pembeni, ukingo unaungua. Isitoshe valvu zenyewe kadiri zinavyotumika huzama kidogo kidogo kwenye viti vyao, na nafasi hupungua yenyewe bila kupiga hodi. Kwa hiyo tapeti inayolia kidogo inakusumbua masikio. Tapeti iliyo kimya kabisa ndiyo ya kuiogopa.

Rudia hapo. Kelele ilikuwa onyo dogo. Kimya ndicho kilichoua valvu.

Sasa sikilizeni kichekesho. Injini za fimbo zilizojaa mitaani kwetu, hizi za Kichina kwa majina yake yote, nyingi ni nakala au wajukuu wa injini moja: ile ya Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976. Wajapani waliitengeneza wakiwa na nchi kama zetu kichwani, nchi za barabara mbovu ambako mtu hubadilisha oili akikumbuka. Wakaondoa cheni ya taimingi inayohitaji kubembelezwa, wakaweka gia na fimbo mbili za kusukuma valvu. Yaani ni injini iliyobuniwa kuvumilia uzembe. Na bado tumeishinda! Hongera zetu.

Nikataka kujua nafasi hiyo inatakiwa iwe kiasi gani. Nikauliza kijiweni, kila mmoja ana yake. "Iweke icheze kidogo." "Unaisikia tu kwa mkono." "Uzoefu, bosi." Jioni nikafungua droo ninamoweka kadi ya pikipiki, na chini ya kadi kikalala kitabu kidogo nilichopewa siku ya kununua. Sikuwahi kukifungua. Ukurasa wa kati: milimita 0.08, valvu ya kuingiza na ya eksozi, injini ikiwa baridi. Milimita 0.08 ni kama unene wa unywele. Jibu la Sh 90,000 lilikuwa kwenye droo yangu, kwa Kiingereza, lugha ambayo dogo haisomi na mimi naringia.

Hapo ndipo nikaacha kuwalaumu mafundi peke yao.

Najua baadhi yenu mlikuwa mmeshaandaa kicheko: fundi maiko, hawajasoma, wanabahatisha. Ni kweli wanabahatisha. Fundi anayekuuzia cheni ya taimingi kwenye injini ya fimbo hastahili kutetewa, na mimi simtetei. Lakini yule wa kwanza je? Aliambiwa aondoe kelele, akaiondoa. Hakuwa na fila geji, hakuwa na namba, hana kitabu. Kitabu kinalala kwa tajiri pamoja na kadi, kama mahari. Muuzaji alinitangazia pikipiki hii kwa Kiswahili kitamu, na muziki juu, na punguzo. Ilipofika zamu ya kunieleza isife, akabadilisha lugha. Kwa nini tangazo liwe la Kiswahili na kitabu kiwe cha Kiingereza? Kwa sababu tangazo linaingiza pesa kwake, na kitabu kinazibakiza kwako. Mamlaka zetu zinajua kudai kofia ngumu, leseni na bima, na ni sawa zidai. Ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa kila chombo kinachoingizwa nchini kuuzwa, hilo nalo ni gumu?

Na sisi matajiri wa pikipiki moja moja, waandishi, walimu, watu wa benki, tunaochukua hesabu kila jioni kwa simu bila hata kukiona chombo, sisi ndio wenye vitabu. Tunajua kusoma. Hatusomi. Kikiharibika tunagawana nusu kwa nusu na mtu ambaye hajawahi kuonyeshwa hiyo namba. Mimi nimefanya hivyo, sijasimuliwa.

Haya, nisiishie kulalamika tu. Mzee yule wa chai alinifundisha utaratibu wake, nami nimeufanya kwa mikono yangu Jumapili mbili mfululizo, kwa hiyo nauandika hapa. Injini ikianza tiki tiki, hakuna kufungua kitu kwanza. Angalia oili. Injini hizi hubeba kama lita moja tu, na ikipungua juu kwenye hedi ndiko kunakolia mapema. Nusu ya pikipiki zinazoletwa kwake zikilia, anasema mzee, angezirudisha na oili tu kama angekuwa mkweli kwa tumbo lake. (Ni maneno yake, msinidai takwimu.)

Oili ikiwa sawa, shika plagi. Iliyolegea huvujisha pumzi na sauti yake inafanana kabisa na ya tapeti. Halafu mahali bomba la eksozi linapoungana na hedi: tazama kama kuna masizi meusi pembeni, na injini ikiwa baridi ndiyo kwanza imewashwa, mwagia maji ya sabuni, ukiona mapovu yanaruka umempata mwizi. Hiyo hulia sana asubuhi kisha hupungua chuma kikipata moto na kutanuka, ndiyo maana watu wengi hudhani ni injini "inajipasha". Gasketi ya hapo ni pesa ya soda. Fikiria mtu aliyefunguliwa injini nzima kwa ajili ya gasketi ya soda!

Bado inalia? Chukua bisibisi ndefu, ncha yake iguse chuma, mpini uweke sikioni, uzunguke nayo: juu kwenye hedi, katikati kwenye silinda, chini kwenye krenki. Mlio utakaokujia kwa nguvu utakuonyesha ghorofa. Mwepesi wa juu, wa haraka haraka, ni tapeti. Mzito wa chini, ngo ngo ngo, unaozidi ukibeba abiria au ukipanda mlima, huo usiulize, zima na usukume, huyo ni krenki na kila kilomita anakula pesa yako. Kama injini yako ni ya cheni, si ya fimbo, basi mchakacho wa ubavuni unaweza kuwa cheni au kikaza cheni chake. Ndiyo maana lazima ujue kwanza una injini gani.

Na tapeti zenyewe hupimwa asubuhi injini ikiwa imelala usiku kucha. Unazungusha krenki mpaka alama ya T ikae mahali pake na mikono yote miwili ya valvu iwe imelegea, unapitisha fila ya 0.08, ipite kwa kusugua kidogo, ya 0.10 igome. Basi. Fila geji nimenunua Kariakoo Sh 7,000. Masikio ya fundi wa miaka 20 nayaheshimu sana, yatakuambia mlio uko wapi. Hayawezi kukuambia unywele una unene gani.

Msinielewe vibaya kwamba sasa kila mtu awe fundi. Ninachokataa ni kulipia kazi kabla ya kuambiwa tatizo. Hospitali ukisema kichwa kinauma, daktari akakimbilia kisu, utatoka mbio. Gereji tunasimama tumefunga mikono nyuma tunasema "fundi, fanya unavyojua." Siku hizi mimi nauliza: inalia nini, umejuaje, umepima na nini? Mmoja alinuna akaniambia nikatengeneze mwenyewe. Nikaenda kwa mzee.

Dogo nimemrudishia Sh 85,000 zake, kwa awamu tatu maana magazeti ni yale yale. Hakusema kitu. Alizihesabu, akaziweka mfukoni, akaniuliza kama anaweza kukaa na ile fila geji yeye. Anayo.

Mzee naye aliniomba nimsomee kitabu. Nikakisoma chote nikikigeuza Kiswahili, yeye akichagua kinachofaa, kisha akachukua brashi ya rangi akaandika kwenye bati la gereji yake: aina ya pikipiki, 0.08, BARIDI. Wiki iliyopita nilipita nikakuta aina tatu, watu wameanza kuleta vitabu vyao kutoka kwenye droo. Chini yake ameandika jina la aina ya nne, moja ya zile zilizojaa sana huku kwetu, na mbele yake hakuna namba, kuna alama ya kuuliza. Mwenye kitabu chake hajajitokeza.