Damu chooni baada ya mbio si nishani

Ukipita msitu wa Karura jijini Nairobi asubuhi ya Jumapili, utawakuta makarani, walimu, mawakili na akina mama wa biashara wakitimua mbio. Mimi kama daktari hufurahi, kwani shinikizo la damu na kisukari hupungua makali mtu anapofanya mazoezi. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo wakimbiaji huona haya kulitaja, nalo ni tumbo.

Bwana mmoja wa umri wa miaka 43 alinijia juma moja baada ya kumaliza mbio za kilomita 42. Alinisimulia huku akicheka kwamba alipofika kilomita ya 30 tumbo lilimsokota, akakimbilia msalani mara mbili, na jioni akaona damu chooni. Wenzake walimwambia hiyo ndiyo nishani ya mkimbiaji halisi. Nilipomdadisi, alikiri kwamba alikuwa akiona damu hata majuma ambayo hakukimbia. Uchunguzi ulionyesha ana kiuvimbe katika utumbo mpana. Kwa bahati njema kilikuwa hakijageuka saratani, kikaondolewa. Je, angengoja mbio nyingine tano, ingekuwaje?

Ni kweli kwamba mbio zenyewe huweza kuyadhuru matumbo. Mtu akiwa ametulia, kati ya asilimia 20 na 25 ya damu inayosukumwa na moyo huelekea kwenye viungo vya kusaga chakula. Anapokimbia kwa nguvu, mwili huihamishia damu hiyo kwenye misuli, na kwenye ngozi ili kupunguza joto. Mgao wa matumbo huweza kupungua kwa zaidi ya nusu, hata kufikia asilimia 80 mtu anapojikaza kabisa. Utando wa ndani ukikosa damu na hewa safi hulegea, na pengine kuchubuka. Ongeza jua kali, upungufu wa maji mwilini na mtikisiko wa kila hatua, nawe utaelewa kwa nini mkimbiaji huona kichefuchefu, hutapika au huendesha.

Hata mabingwa hawaponi. Katika mbio za London za mwaka 2005, Paula Radcliffe wa Uingereza alilazimika kusimama kando ya barabara kwa sababu ya tumbo, kisha akaendelea na kushinda kwa saa 2, dakika 17 na sekunde 42. Kwa hivyo, usione aibu kumweleza daktari wako.

Linaloniudhi zaidi ni tembe. Wakimbiaji wengi humeza aibuprofeni, diklofenaki au aspirini kabla ya mbio, ati wasihisi maumivu ya magoti. Tembe hizi huzuia kemikali zinazoulinda utando wa tumbo, wakati uleule ambapo utando huo umenyimwa damu. Aibuprofeni na diklofenaki pia huweza kuzidhuru figo za mtu aliyepungukiwa na maji. Kwa maoni yangu, wanaoandaa mbio wangetoa onyo hili kwenye fomu ya kujiandikisha, na muuzaji katika duka la dawa angemwuliza mteja anazitakia nini. Goti linalohitaji dawa ili likimbie linahitaji mapumziko.

Sisemi uache kukimbia. Mazoezi ya wastani huwasaidia wenye tatizo la kufunga choo, na hupunguza hatari ya saratani ya utumbo mpana. Ila jifunze kuyatunza matumbo. Kula mlo wako mkubwa saa tatu hivi kabla ya mbio. Maharagwe, sukuma wiki nyingi na vyakula vya mafuta viache tangu siku iliyotangulia. Kunywa maji kidogo kidogo kulingana na kiu, wala usijijaze, kwani maji ya kupita kiasi hupunguza chumvi katika damu na huweza kuua. Usijaribu kinywaji au chakula kigeni siku ya mashindano. Kijaribu kwanza wakati wa mazoezi. Na jua likiwaka sana, punguza mwendo.

Mwisho, ukiona damu chooni, hata mara moja tu, mwone daktari. Huenda ikawa ni mbio, lakini pia huenda ikawa ni bawasiri, amiba, vidonda vya tumbo au saratani, na wewe mwenyewe huwezi kubainisha. Ukitapika damu, ukienda choo cheusi kama lami, ukizirai, au tumbo likiendelea kuuma baada ya kupumzika, nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Madaktari wenzangu nao wasimwambie mgonjwa "ni mbio tu" kabla ya kumpima.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nishani ya kweli ni ile unayovishwa shingoni.