Fumbo la Hisabati na Sauti ya Mwanafunzi: Hoja ya Upimaji wa Darasani katika Bonde la Usangu

1.0 Utangulizi

Katika shule za msingi za Tanzania, swali la hisabati linalotungwa kwa maneno huitwa fumbo. Jina hilo linastahili kutafakariwa. Fumbo, kwa mapokeo ya Waswahili, ni kauli inayoficha ili kumjaribu msikilizaji. Ndiyo maana wahenga wakasema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Upimaji wa hisabati, kwa upande wake, hauna sababu ya kuficha. Kazi yake ni kufichua alichokielewa mtoto na mahali alipokwama. Makala haya yanadai kwamba karatasi ya mtihani peke yake haiwezi kuifanya kazi hiyo, na kwamba kazi za darasani, zikitungwa na kusikilizwa vizuri, zinaiweza. Mifano inatolewa kwa kuzingatia mazingira ya Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, katika bonde la Usangu ambalo mpunga wake unafahamika nchini kote.

2.0 Ahadi ya Zamani

Hoja hii si ngeni. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alionya dhidi ya mtindo wa kuutukuza mtihani, ambao hupima kumbukumbu kuliko fikra. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaitilia nguvu rai hiyo, na tangu mwaka 1976 maendeleo ya mwanafunzi darasani yakaanza kuhesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho wa elimu ya sekondari. Ilitarajiwa kwamba mwalimu, aishiye na mwanafunzi mwaka mzima, angekuwa shahidi wa kuaminika wa uwezo wake.

Ahadi hiyo imetimizwa kwa jina zaidi kuliko kwa vitendo. Mara nyingi kinachoitwa tathmini endelevu ni mtihani uleule uliokatwa vipande vidogo: jaribio la wiki, la mwezi, la muhula. Aidha, tangu mwaka 2012 mtihani wa kumaliza elimu ya msingi umesahihishwa kwa kompyuta, mtahiniwa akitia kivuli kwenye herufi ya jibu. Hata pale maswali machache ya kuonyesha njia yanapoongezwa, shule hujipanga kwa ajili ya kivuli. Mwalimu hufundisha kile kitakachohesabiwa.

3.0 Jibu Moja, Njia Mbili

Na lichukuliwe fumbo la aina hii: "Mkulima alivuna magunia 24 ya mpunga. Aliuza theluthi mbili ya magunia hayo. Alibakiwa na magunia mangapi?" Jibu ni 8. Mwanafunzi wa kwanza huwaza kwamba ikiwa theluthi mbili zimeuzwa, theluthi moja imebaki. Hugawanya 24 kwa 3. Wa pili hajalielewa swali, ila ameona 24, akakumbuka kwamba theluthi inahusu 3, akagawanya. Wote wawili hupata alama. Wa tatu hukokotoa theluthi mbili ya 24 bila kosa, akapata 16, akaishia hapo. Kitenzi "alibakiwa", chenye kauli ya kutendwa inayomgeuza mkulima kuwa mwenye kubakiwa, kimempita. Yeye hukosa, ilhali pengine anazijua sehemu kuliko yule wa pili.

Tatizo hapa ni la hisabati na la lugha kwa pamoja. Msamiati wa hisabati ya Kiswahili umejengwa kwa maneno yenye maisha mengine mitaani. "Kutoa" ni kupunguza, lakini nyumbani ni kumpa mtu kitu. "Sehemu" ni namba kama nusu au robo, lakini pia ni mahali. "Asili" ni namba ya chini ya sehemu, na pia ni chimbuko la mtu. Kauli kama "mara mbili zaidi ya" huwatatanisha hata watu wazima. Usangu hukutanisha Wasangu, Wabena, Wahehe, Wasukuma na wengineo, hivyo kwa watoto wengi Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili. Karatasi haitofautishi aliyeshindwa na lugha na aliyeshindwa na hesabu.

4.0 Ekari ya Hatua Sabini

Kazi ya darasani inaweza kutofautisha. Wakulima wengi nchini hupima ekari kwa hatua 70 kwa 70. Kipimo hicho kina mantiki yake: hatua ikiwa na sentimita 91, kila upande huwa na mita 63.7, na eneo huwa mita za mraba 4,058 hivi, karibu sawasawa na ekari rasmi ya mita za mraba 4,047. Lakini mtoto ambaye hatua yake ni sentimita 60 atapata upande wa mita 42 na eneo la mita za mraba 1,764, yaani chini ya nusu ya ekari.

Wanafunzi wa Darasa la Sita wanaopewa kamba, rula na uwanja wa shule wanaweza kuuvumbua ukweli huu wenyewe. Mwalimu husikiliza mambo manne: mwanafunzi alikadiria nini kabla ya kupima, alipima vipi, alikokotoa vipi, na alielezaje kwamba urefu wa hatua ukipungua kwa theluthi, eneo hupungua kwa zaidi ya nusu. Asiye na maneno huweza kuchora, au kuonyesha kwa mkono. Kosa lake hujulikana ni la kupima, la kuzidisha au la kueleza, na kila moja lina tiba yake.

Uchunguzi wa nchi nyingine unaiunga mkono hoja hii. Nchini Liberia, Gay na Cole walionyesha mwaka 1967 kwamba Wakpelle walikadiria idadi ya vikombe vya mchele kwa usahihi kuliko Wamarekani. Nchini Brazil, utafiti wa Carraher, Carraher na Schliemann wa mwaka 1985 ulifuatilia watoto watano wachuuzi wa mjini Recife: walijibu kwa usahihi asilimia 98 ya maswali sokoni, asilimia 74 ya mafumbo, na asilimia 37 tu ya hesabu za namba tupu. Matokeo hayo yanatahadharisha pia dhidi ya kulitupa fumbo, kwani muktadha humsaidia mtoto. Kinachofaa ni kumpa nafasi ya kusema amelielewaje.

5.0 Pingamizi

Itasemwa kwamba madarasa yamefurika. Ni kweli; lakini katika darasa la wanafunzi 80, mwalimu anayesikiliza watano kwa siku humaliza wote kwa siku 16 za masomo, yaani kila mmoja husikilizwa mara moja hivi kwa mwezi. Itasemwa pia kwamba mwalimu atapendelea. Hatari hiyo ipo, na dawa yake ni vigezo vilivyoandikwa na walimu kubadilishana madaftari. Vilevile mtoto wa mfugaji anaweza kuwa mgeni wa majaruba kama mtoto wa mkulima alivyo mgeni wa zizi. Kwa hiyo kazi ziwe za aina nyingi. Mtihani wa taifa utabaki kwa shughuli ya kuchagua. Haufai kuachiwa shughuli ya kufahamu.

6.0 Hitimisho

Gharama ya kunyamaza ni kubwa. Mtoto wa Rujewa asiyejua kulinganisha ujazo na uzito atauza mpunga wake kwa lumbesa, gunia lililofungwa likapandishwa kilemba, na atalipwa bei ya gunia moja. Aendeleaye na Kidato cha Kwanza atakutana na Hisabati kwa Kiingereza, kabla hajapata kueleza theluthi mbili kwa Kiswahili.

Wanaisimu wa Kiswahili nao wana deni. Istilahi zimesanifiwa, ila mafumbo yenyewe, pamoja na vitenzi, viunganishi na miundo yake, hayajapewa uzito uleule. Wakusanye maneno ya vipimo yanayotumika Usangu, toka debe na sado hadi hatua, na wakae na walimu na Taasisi ya Elimu Tanzania kabla swali halijachapwa. Mwerevu anayetajwa na wahenga huenda yumo darasani tayari. Hajapata wa kumsikiliza.